Mistari Miwili ya Kijani

Kila asubuhi Nyamizi alitoka kwao, mtaa wa Chemchem, kwa miguu, akafika shuleni mapema na kufagia maabara kabla kengele haijalia. Kazi hiyo aliipenda, maana alipata kuvichungulia vyombo bila kusukumwa na mtu.

Juma lile Mwalimu Apolinaria aliwagawia picha ya mwanga wa wingu la gesi lililo mbali sana, huko kwenye nyota. Mwanga ule ulikuwa umepitishwa kwenye kioo cha pembetatu, ukaachana kuwa mistari ya rangi.

"Pimeni kila mstari, kisha mtafute kwenye jedwali ni wa gesi gani," alisema. "Daftari bora litasomwa Ijumaa mbele ya mkaguzi."

Weee! Nyamizi aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Akapima, akaandika. Mistari yote ilipata jina isipokuwa miwili ya kijani. Alirudia mara tatu. Haimo!

"Ifute," alinong'ona Pelagia, jirani yake wa dawati. "Sisi wote tumeiruka. Unataka uchekwe mbele ya yule mkaguzi Mzungu?"

Nyamizi akashika kifutio. Ndipo alipoikumbuka kamba ya babu yake, Masolwa. Ujanani Babu alibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na kila kambi alifunga fundo moja. Siku moja walipotea njia, mnyapara wa msafara akamwamuru alifungue fundo la siku ile. Babu alikataa katakata. "Tulilala pale," alimjibu. "Fundo litabaki."

Nyamizi akaweka kifutio chini. Akaandika: "Mistari miwili ya kijani. Nimepima mara tatu. Haimo kwenye jedwali."

Ijumaa, Mwalimu alilisoma daftari lake. Wenzake wakaanza kucheka.

"Nyamazeni!" alisema Mwalimu. "Mistari hii ni ya oksijeni. Hapa duniani hewa imesongamana, atomi inagongwa na nyingine kabla haijautoa mwanga huu. Kule angani iko peke yake, inatulia mpaka inautoa. Wataalamu huiita mistari iliyokatazwa, lakini haikukatazwa na mtu; ni adimu tu. Jedwali letu ni la maabara, ndiyo maana halina. Mlioifuta mliogopa jedwali. Nyamizi ameandika alichokiona, na ninyi mfanye hivyo hivyo."

Mkaguzi alisimama, akampa mkono. Nyamizi alijisikia mrefu kama mlango.

Jioni alimsimulia Babu yote. Mzee alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na ile kamba iliyokuwa haijaongezwa kitu tangu safari yake ya mwisho.

"Shika ncha hiyo, mjukuu wangu," alisema, akafunga fundo jipya.