Suruali Iliyopanuliwa Kiuno

Mwizi aliacha simu. Aliacha pochi pia, na saa ya mkononi, na jozi ya buti mpya za kambini ambazo mtaani zingepata mteja kabla hata hazijawekwa chini. Alichochukua ni koti la kaki, suruali ya kaki na kofia yake. Kisha akazikunja vizuri fulana zilizobaki, akazipanga, akafunga zipu.

Inspekta Iveren Akaa aliliinamia begi lile kwenye sakafu ya kituo cha mabasi cha Makurdi, akainua uso.

"Hizi fulana umezikunja wewe?"

"Mimi? Madam, wiki tatu kambini nilikuwa nazisokota tu na kuzisukumia ndani."

Kijana huyo aliitwa Nosakhare Edosomwan, mtoto wa Benin City. Alikuwa mrefu kiasi kwamba taa ya kituo ilikuwa karibu zaidi na kichwa chake kuliko vichwa vya wenzake wa basi. Asubuhi ya Ijumaa ile walikuwa wamefunga kambi ya huduma ya taifa ya wahitimu wa vyuo kule Wannune, wakapewa barua za vituo vyao vya kazi. Yeye alipangiwa kufundisha hesabu katika shule moja nje ya mji. Alitakiwa kuripoti Jumatatu saa mbili, amevaa sare kamili.

"Na usipokuwa na sare?"

"Naweza kuongezewa miezi ya huduma. Na wakisema nimeiuza, Madam? Mama yangu hajaniona ndani ya ile kaki hata kwenye picha." Akageuza uso kama anayetafuta kitu ukutani.

Inspekta hakumcheka. Alijua watu wa barabara ya Gboko wanavyoiheshimu kaki ile. Dereva akiona kopa, kama wanavyoitwa vijana wa huduma, anapunguza mwendo na kumpa lifti. Mwaka uliotangulia majambazi watatu walivaa kaki za wizi, wakasimamisha gari mchana kweupe.

"Begi lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya basi, juu ya mengine. Tulipakia saa nne."

"Mlisimama njiani?"

"Tairi lilipasuka. Tukashuka kununua machungwa."

"Wote?"

"Wote. Baba dereva ndiye alibaki na tairi lake."

Vijana wote kumi na saba wa basi lile walipekuliwa mmoja mmoja. Hakikukutwa kitu, isipokuwa vijiko vitatu vya jiko la kambi ambavyo kijana mmoja hakuelewa vilifikaje kwenye soksi zake. Inspekta akaenda kwa dereva.

Iorhemen Ortese alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi lake, tairi lililozibwa likiwa pembeni. Mtu wa miaka hamsini na mbili, tumbo limetangulia, mkono mmoja wa miwani umefungwa waya. Alikuwa akisoma kitabu kinene kilichovalishwa karatasi ya kalenda ya kanisa.

"Baba, nini kilipasua tairi?"

"Msumari, Madam."

"Ulibadilisha peke yako?"

"Miaka kumi na tisa nawabeba watoto wa kambi. Ningewaachia wao, tungekuwa tuko huko mpaka sasa."

"Uliona mtu kwenye mizigo?"

"Nilikuwa chini ya gari. Ukiwa chini ya gari huoni mtu, unaona miguu."

"Uliona miguu ya nani?"

Dereva alisita. "Yangu."

Makopa wakaangua kicheko. Inspekta alimtazama tu. Makurdi walikuwa wakisema mama huyu akikutazama hivyo, unakumbuka hata chaki uliyoiba darasa la pili.

"Unasoma nini?"

"Mambo ya ualimu, Madam. Kupitisha muda." Akakifunga kitabu taratibu, akakiweka kwapani.

Sajenti Tyavyar, mtu wa maneno mengi na kijiti cha meno, alikuwa na jibu tayari. "Ni majambazi, Madam. Wanataka kaki."

"Jambazi aache buti? Atasimamisha magari amevaa kandambili?"

Kijiti kilihama upande wa pili wa mdomo. "Labda ana zake."

"Na kwa nini begi hili, kati ya kumi na saba?" Akawapanga makopa mstari mmoja. Kichwa cha Nosakhare kilibaki peke yake kule juu. "Unaona? Mwizi alitaka nguo kubwa kuliko zote. Lakini huyu ni mrefu, si mnene. Mtu mwenye mwili akiivaa suruali hii, kiuno hakifungi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atahitaji fundi cherehani."

Hapo ndipo ningependa msomaji amwone Iveren Akaa kama ninavyomwona mimi. Wengine wangeweka vizuizi barabarani na kuwachapa vijana wa kituo mpaka mmoja aseme lolote. Yeye alikwenda nyumbani, akala viazi vikuu vya kutwanga kwa mchuzi wa bamia, na Jumamosi asubuhi akaanza kutembea kwa mafundi.

Sita wa kwanza hawakuwa na habari. Wa saba alikuwa Ochanya, mwanamke wa Kiidoma mwenye kibanda karibu na soko, rundo la kaki limemfika kifuani.

"Suruali za kaki? Madam, tazama mwenyewe! Kambi ikifungwa mimi silali. Na wote wimbo mmoja: bana, Anti, bana tena. Nabana mpaka nashangaa watakaa vipi kwenye kiti."

"Hakuna aliyetaka kupanua?"

Mguu wa Ochanya ulisimama juu ya pedali.

"Mmoja. Jana jioni. Na mimi nikamtania: Baba, wewe ndiye kopa wa kwanza aliyenenepa kambini."

"Akasemaje?"

"Hakucheka. Nikamwekea kipande nyuma ya kiuno, na koti nikalifungua ubavuni."

"Sura yake?"

"Mtu mzima, tumbo kubwa. Uso sikuushika. Alikaa hapo kwenye benchi akasoma kitabu mpaka nikamaliza. Kitabu kina jalada la kalenda ya kanisa. Bikira Maria juu, mwezi wa Disemba chini."

Tyavyar alikitoa kijiti mdomoni.

"Kuna jambo lingine, Madam. Alinikataza mashine. Alisema nipige bandi kwa mkono, mishono mirefu mirefu ya kushikiza tu, na nisikate kitambaa hata kidogo. Alisema lazima suruali irudi kama ilivyokuwa kabla ya Jumatatu."

Walipotoka nje, Sajenti alikuna kichwa. "Mwizi wa kurudisha? Mimi huyo sijawahi kumkamata."

Inspekta alishika njia ya kituo cha mabasi. Tangu jana alikuwa amemkasirikia mtu asiyemjua. Sasa amemjua, na hasira imeanza kumtoka, jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo.

Kwenye kituo cha mabasi waliambiwa Ortese ameomba ruhusa. Amekwenda kijijini kwao, upande wa Vandeikya, kumwona mama yake mgonjwa. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, gari la polisi liliondoka Makurdi. Nosakhare alikaa nyuma ili akaitambue mali yake. Alikuwa amevaa shati jeupe, kaptura nyeupe na buti zile ambazo mwizi alizidharau.

Nyumbani kwa akina Ortese, kwenye kibanda cha mviringo cha kupokelea wageni, kikongwe mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao. Amejifunga kitambaa cha mistari myeusi na myeupe, kile cha Wativ cha kuvaliwa siku kubwa. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa uzee. Majirani wawili walikuwa wamemshika mabega ili asiegemee upande.

Mbele yake alisimama Iorhemen Ortese ndani ya kaki kamili, viatu vyake mwenyewe vya kahawia vimeng'arishwa.

Tyavyar alitaka kuingia. Inspekta akamzuia kwa mkono.

Dereva alipiga hatua tatu za gwaride, miguu ikigonga udongo. Akasimama wima, akapiga saluti. Kwa mtu wa tumbo lile ilikuwa saluti safi sana, saluti ya mtu aliyewatazama wengine wakiipiga kwa miaka kumi na tisa kupitia kioo cha basi. Kisha akapiga magoti, akavua kofia, akamvika mama yake, kama wafanyavyo watoto wote waliomaliza chuo wakaivaa kaki. Majirani wakapiga vigelegele.

Kikongwe alinyoosha mikono. Akalipapasa koti: kola, mifuko, vifungo kimoja kimoja. Mikono ikashuka ubavuni, ikafika kiunoni. Pale vidole vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikauhesabu mshono.

"Iorhemen."

"Naam, Mama."

"Mimi nimefuma na kushona miaka sitini. Siku hizi serikali inawashonea watoto wake kwa bandi?"

Vigelegele vikafa.

"Mama..."

"Nguo hii imeshikizwa tu. Si yako. Ya nani?"

Dereva aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti ya mama yake. Mabega yalianza kumtikisika.

"Ya mtoto niliyembeba kwenye basi. Niliichukua begini wakati wenzake wananunua machungwa. Nikaificha ndani ya boksi la spana."

"Umeiba."

"Nimeiba, Mama."

"Uliniambia kwenye simu uko kambini."

"Nilikuwa kambini. Getini. Nasubiri abiria."

"Na chuo? Nacho ulikuwa getini?"

"Hapana!" Aliinua uso. "Chuo nimemaliza. Haki ya Mungu nimemaliza. Miaka tisa, nasoma kwenye basi, nafanya mitihani Jumamosi. Lakini ukivuka miaka thelathini hawakuiti kambini, Mama. Wanakupa karatasi kwamba umesamehewa huduma. Kaki hupewi. Nami niliacha shule Baba alipokufa, wadogo zangu wasome. Wewe ukasema siku ile, hapa hapa, utakaa kwenye kiti nikupigie saluti ndani ya kaki kama watoto wa wenzako. Mwezi huu daktari ameniambia nisikawie. Nikafanya haraka."

"Kwa nini hukuomba?" Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya Nosakhare.

Dereva aligeuka. Aliona sketi ya polisi, akaona kijiti cha Sajenti, kisha akamwona kijana mwenyewe. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Ningekuambiaje, mwanangu? Mzee mzima nikwambie, hebu vua sare yako nivae mimi?"

"Ungeniambia hivyo hivyo, Baba. Ningekuazima. Ningekupa na buti."

"Zisingenitosha," dereva alisema, na kupitia machozi akacheka kidogo. "Nilizijaribu."

Kikongwe alikuwa ameinua mkono.

"Nani hao?"

"Polisi, Mama," Inspekta alisema, akasogea na kupiga goti kumsalimu. "Na mwenye nguo."

"Mwenye nguo anaihitaji lini?"

"Kesho asubuhi," alisema Nosakhare. "Lakini Mama, hakuna haraka. Mpigeni picha kwanza."

"Sitaki picha ya kuazima. Niletee wembe." Akamgeukia mwanawe. "Vaa shati lako. Na cheti cha hicho chuo, ni cha nani?"

"Changu, Mama."

"Hukukitoa kwenye begi la mtu?"

"Hapana, Mama. Kina jina langu."

"Basi miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri kitambaa tu! Kilete nikishike."

Ortese aliingia ndani, akatoka na shati lake la udereva lililopauka mabegani, na bahasha ya kaki. Kikongwe alikitoa cheti, akapitisha vidole juu ya mhuri uliochomoza. Alirudia mara nyingi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Hiki hakijapigwa bandi," alisema.

Kisha akaomba suruali iwekwe mapajani mwake. Kwa wembe wa majirani, kwa macho yasiyoona, akaanza kuifumua mishono ya Ochanya mmoja mmoja. Hakuugusa uzi hata mmoja wa serikali. Alipomaliza kiuno alihamia ubavu wa koti, na wale majirani wawili hawakuthubutu kumsaidia.

Nosakhare alipokea sare yake, akaiweka juu ya benchi. Halafu akarudi nyuma hatua tatu, akagonga buti, na akampigia saluti dereva wa basi. Ortese alibaki amesimama na cheti mkononi, hajui aweke wapi mikono.

"Afande," Nosakhare alisema kwa Inspekta, bado mkono uko kwenye paji la uso, "mimi sina dai."

"Dai unaweza usiwe nalo. Jalada ninalo mimi."

Iveren Akaa alimkazia macho mtuhumiwa wake. Wizi ni wizi, na alikuwa tayari kumwambia hivyo. Lakini aligundua kwamba mkono wake wa kulia umeshapanda, na vidole vimegusa ukingo wa kofia. Sajenti Tyavyar, ambaye hakuwahi kumwona akimpigia saluti mtu wa chini ya kamishna, alikitema kijiti na kufanya vivyo hivyo.

Akaushusha mkono, akakohoa.

"Baba Ortese. Kesho saa kumi na mbili asubuhi utamchukua huyu kopa, umfikishe shuleni kwake mapema. Ukitoka hapo uje moja kwa moja kituoni kutoa maelezo."

"Nitakuja, Madam."

"Kwa kawaida maelezo ya mtuhumiwa tunamwandikia sisi," Inspekta alisema, akielekea kwenye gari. "Wewe utaandika mwenyewe. Una shahada."