Gurudumu la Nyuma Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi Jicho alifagia uwanja, kisha akashika sufuria kuukuu ya kuwekea nati za gari. Jina hilo alipewa na mtaa mzima, maana hakuna kitu kilichompita bila kukiona, na akishakiona hakuna jirani asiyeambiwa.

Siku hizo sufuria haikupumzika. Baba alikuwa amenunua mashine ya upepo ya kufungulia nati, ile inayofanana na bunduki, pamoja na kompresa ndogo ya kuipa pumzi. Vyote vya bei nafuu. Tangu hapo, gari likikohoa tu, Baba anang'oa magurudumu.

"Gari lina mafua, wewe unalipima miguu?" Mama alimtania. Yeye ndiye aliyeliendesha, akipeleka mikate madukani.

"Nakagua breki, Mama Jicho. Zamani tungempelekea Bonge."

Fundi Bonge alikuwa na gereji ng'ambo ya barabara. Tangu mashine ilipoingia, Baba hakukanyaga huko tena.

Siku moja Mama alirudi na mikate yote, uso umempauka. "Gurudumu la nyuma kushoto linagonga. Nati zimelegea tena! Lile lile la juzi!"

"Nilizikaza kwa mashine," Baba akasema. "Hapo kuna mkono wa mtu."

Jicho akadakia. "Mimi juzi nilimwona Fundi Bonge amechuchumaa karibu na gari. Aliponiona akaondoka mbio."

"Alikuwa analegeza nati?"

"Sasa angekuwa anafanya nini kingine?"

Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Wateja wakaanza kuipita gereji ya Bonge kama hawaioni. Baba akaapa kwamba Jumamosi akishakaza nati upya, atamfikisha Bonge kwa mwenyekiti wa mtaa, gereji ifungwe.

Jumamosi ilipofika, Jicho aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalinda gari. Bonge akapita langoni, akapunguza mwendo, akachungulia.

"Shikamoo, Fundi," Jicho alisema kwa midomo tu.

"Marahaba. Mbona unaniangalia kama wewe paka, mimi panya?"

Jicho akazidi kumkodolea macho. Nyuma yake Baba alikuwa anakaza. Kwenye gurudumu la mbele mashine ilinguruma, trrrrr! Ilipofika la nyuma kushoto, la mwisho, ilisikika tr... tr... kama babu anayepanda mlima. Baba hakusubiri. Alilishusha gari, akaenda kuvaa shati la kuonea wakubwa.

Jicho akachukua spana ya mkono. Alitaka kuhakikisha nati zote zimekaza, ili Bonge akizigusa tena asiwe na pa kujificha. Za mbele hazikutikisika. Akahamia nyuma kushoto, akasukuma kidogo. Nati ikazunguka. Ya pili nayo ikazunguka.

Hakuna mtu aliyesogelea gari. Alikuwa amelilinda yeye mwenyewe!

Nje kelele zilipanda. Baba amemshika Bonge mkono, watu wamejaa.

"Twende kwa mwenyekiti!"

"Jirani, umeniharibia jina," Bonge alisema, na safari hii hakutania. "Siku hizi sipati hata pancha ya kuziba."

Jicho angeweza kuzikaza nati zile kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Akatazama spana, kisha akakimbilia langoni.

"Baba, nati zimelegea sasa hivi. Na hakuna aliyezigusa ila wewe."

Baba akaja, akajaribu mwenyewe. Akatazama kipimo cha kompresa: upepo ulikuwa umekwisha. Na gurudumu lile ndilo alilomalizia kila mara.

"Lakini siku ile," Baba aliuliza kwa sauti ndogo, "ulichuchumaa unatafuta nini?"

Bonge akajikuna kisogo. "Nilikuwa naitazama mashine yako, uliiacha kando ya gari. Niliitamani, jirani. Nikaona haya mtoto kunikuta nimekodoa macho hivyo."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mbele yao wote alisema, "Nilimsingizia. Nisamehe, Fundi." Kisha akampa mashine aijaribu, na Bonge akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Mama akamgeukia Baba. "Mashine ianze, mkono umalize. Subiri kompresa ijae, shusha gari, kisha kaza kila nati kwa spana. Anayekaa juu ya magurudumu hayo ni mimi."

Halafu akamvuta Jicho pembeni. "Leo umesema kweli ilipokuwa ngumu, na nakushukuru. Lakini siku ile macho yako yaliona mtu amechuchumaa, basi. Hayo mengine uliyaongeza mwenyewe, na mtu nusura apoteze kazi. Ulichokiona kiseme. Usichokijua kiulize."

"Ndiyo, Mama."

"Ile habari uliwaambia watu wangapi?"

Jicho akainamisha kichwa. "Wengi."

"Basi vaa viatu, mwanangu. Anza na nyumba ya kwanza."