Raba za Breki za Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kaari alimshikia babu yake baisikeli ili afunge mtungi wa maziwa nyuma. Mzee Thuranira alipeleka maziwa kutoka Kanyakine hadi Nkubu kwa baisikeli nyeusi aliyoinunua kabla Kaari hajazaliwa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, kwa hiyo kazi ya spana alimwachia mjukuu wake huyo wa darasa la saba. Kaari alijua kuziba pancha, kukaza mnyororo na kubadilisha raba za breki.

Mwaka wa 1994, likizo ya Agosti, palitangazwa msafara wa baisikeli kutoka Meru hadi Embu, wa kuchangisha mabati ya wodi ya watoto. Mzee Thuranira alikuwa wa kwanza kutoa jina. Wengine wote walikuwa vijana.

Siku moja kabla ya safari, timu ya netiboli ya Kaari ilikuwa na mchezo Nkubu.

"Raba kwanza, mpira baadaye," Babu alisema, akampa raba mpya, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zimelika.

Kaari alikasirika. Mbona kaka zake hawatumwi? Babu alipoingia ndani, Kaari alizitupa raba zile nyuma ya banda la kuku, akakimbilia mchezo. Jioni alipoulizwa, alijibu bila kuinua macho, "Nimefunga, Babu."

Kesho yake msafara uliondoka Meru kukiwa na manyunyu. Kaari alipanda nyuma ya pikapu iliyobeba maji, ndizi na viazi vitamu vya wasafiri. Babu yake alikuwa wa mwisho tangu mwanzo. Kiongozi wa msafara, kijana wa Embu aitwaye Munyi, alimngojea mara mbili huku amenuna.

"Mzee, ukipeleka maziwa hivi, si yanafika yamechacha?"

Vijana walicheka. "Maziwa yangu hayajawahi kuchacha," Babu akajibu. "Wewe endesha."

Walipopita Igoji, kwenye kiteremko kidogo, breki za Babu zililia kama nguruwe anayekamatwa. Munyi alisimama.

"Hizo breki hazishiki. Ingia kwa pikapu, Mzee."

"Ni raba mpya. Bado hazijazoea rimu. Amefunga mjukuu wangu, na yeye hafungi ovyo."

"Lakini mimi naona..."

"Unataka kusema mtoto wangu ni mwongo?" Babu alifoka. "Umenidharau tangu asubuhi nikanyamaza. Yeye usimguse."

Kaari alikuwa na kiazi mdomoni. Alikitema. Mbele yao kulikuwa na mteremko wa mto Nithi, mrefu na wenye kona, ambao hata madereva wa malori huuogopa. Akisema, Babu atapandishwa pikapu mbele ya vijana wale wanaomcheka. Akinyamaza, Babu atashuka na breki zilizokwisha. Alimchukia Munyi kwa kuona sawasawa. Alimkasirikia hata Babu kwa kumwamini kiasi kile.

Juu ya mteremko waendeshaji walijipanga, mmoja nyuma ya mwingine. Babu alikuwa tayari ameweka mguu kwenye pedali. Kaari aliruka kutoka kwenye pikapu, akaishika baisikeli kwa nyuma.

"Achilia, Kaari."

"Babu, usishuke. Sikuzifunga zile raba. Nilizitupa."

Munyi aliinama akazitazama breki. Kisha akasema, "Si nilisema?"

"Nyamaza kidogo," Babu akamwambia. "Hili ni langu na huyu."

Hakumchapa Kaari wala hakumfokea. Aliilaza baisikeli kwenye nyasi. "Funga sasa."

Munyi, akiwa bado amenuna, alitoa raba na spana kwenye mfuko wake wa vipuri. Kaari alipiga magoti penye matope. Spana iliteleza ikamchubua vidole. Vijana walinung'unika kwamba wanachelewa, na dereva alipotaka kumsaidia, Babu alimzuia.

Kaari alipomaliza, Babu alikamata breki kwa nguvu zake zote, akaisukuma baisikeli kwa kifua. Haikusonga. Akajaribu tena. Kaari hakuwahi kumwona akikagua kazi yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko vidole.

Babu akamgeukia Munyi. "Uliona sawa, kijana. Nilikufokea bure, niwie radhi."

Munyi alitazama chini. "Hata mimi nilikucheka vibaya, Mzee. Tangulia wewe. Sisi tutafuata mwendo wako."

Walifika Embu jioni, Babu akiwa mbele. Akina mama walipiga vigelegele. Kaari alimpelekea maji.

"Babu, umenisamehe?"

Babu alikunywa mpaka akamaliza. "Mpira ni mchezo tu, huo nimeshausahau. Lakini ulinyamaza nikimfokea mtu kwa kusema ukweli. Uongo haukai kwako peke yako, Kaari. Anayekuamini ndiye anayeubeba, na leo ungenitupa Nithi nikiwa bado nakusifu. Nimekusamehe kwa sababu ulisema mwenyewe, tena mbele ya watu."

"Asante, Babu."

"Ila breki nitazikagua mwenyewe. Kesho, kesho kutwa, na siku nyingine nyingi. Siku nitakapoacha kukagua, utajua nimekuamini tena."