Nani Alipie Viatu vya Fundi

Mkasi uligonga meza, ko, na Nukta akajikuta ameketi kitandani kabla hajajua kuwa ameamka. Nje kulikuwa bado na giza. Alikamata shuka kwa mikono miwili, akasikiliza. Akasikia kitambaa kikichanwa, kisha kikohozi cha mama yake, na hapo ndipo pumzi ilipomrudia. Kumbe ni mama tu, anakata sare za shule kama kila alfajiri.

Mtoto huyu alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina la Nukta alipewa na shangazi yake siku aliyozaliwa, kwa udogo wake. Mwaka juzi majeshi ya nchi jirani yalivuka mpaka yakaingia mjini kwao, na tangu hapo kila kilichogonga kilimgonga yeye moyoni: mlango, sufuria, gurudumu la mkokoteni. Vita vilikwisha na wavamizi wakarudi kwao, lakini masikio yake yalikuwa bado hayajapata habari hiyo.

"Nimekuamsha, mwanangu," mama alisema. "Basi njoo unishikie huku."

Nukta akashika ncha ya kitambaa. Mama akakata polepole, kisha akasema, "Kesho alasiri Fundi Viatu anampa yule dereva wa lori cherehani yake ya kushonea ngozi. Halafu anafunga duka."

"Kwa nini ampe?"

"Buti za dereva zilikuwa dukani wanajeshi walipoiba. Wenye viatu wengine Fundi amewashonea vipya, bure, mmoja baada ya mwingine. Ila buti zile zinataka ngozi nzito, na ngozi hiyo haipatikani siku hizi. Ndiyo akasema atoe cherehani."

"Lakini walioiba ni wanajeshi."

"Hata mimi nimemwambia hivyo. Anasema hapana, kosa ni lake. Anaamini siku zile alivichanganya viatu mwenyewe bila kujua. Ananiambia, mama Nukta, mikono bado ninayo, kilichoniacha ni kichwa. Mzee anayesahau namna hiyo asipewe kiatu cha mtu." Mama akaweka mkasi chini. "Mbona unatetemeka? Vaa sweta."

Nukta alivaa sweta, na akazidi kutetemeka.

Nitawaeleza kwa nini. Mji ulipovamiwa, Nukta na mama yake walikimbilia kwa Fundi Viatu, maana nyuma ya duka lake kulikuwa na stoo isiyo na dirisha. Mzee yule hakuuliza watakaa siku ngapi. Aliwatandikia vipande vya ngozi wakalalia, na kikombe chake cha maji alimpa Nukta, yeye akanywea kwenye kifuniko cha chupa.

Sasa, Fundi alikuwa na desturi yake ya kazi. Viatu vyote vya mguu wa kushoto alivipanga kwenye rafu za mbele, na vyote vya kulia alivitia ndani ya kasha stooni. Chini ya soli aliandika namba kwa chaki, ili kila kiatu kimjue mwenzake. Siku ya kwanza wanajeshi walichungulia dukani. Mmoja alichukua kiatu, akatafuta cha pili asikione, akakitupa sakafuni na kucheka. Wakaondoka. Nukta aliyasikia yote akiwa gizani, ameuma kidole chake.

Siku ya pili Fundi alitoka kutafuta maji. Mama alikuwa amesinzia kwa uchovu. Nukta, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, akaviona viatu ndani ya kasha, vyote vya mguu mmoja. Akadhani hofu imemvuruga mzee wa watu hata akaipanga kazi yake vibaya. Akataka kumlipa wema. Alitambaa navyo kwa magoti hadi rafu za mbele, akasoma namba za chaki, akaunganisha kila kiatu na mwenzake, akazifunga jozi kwa kamba zao na kuzipanga vizuri kwenye rafu hizo. Fundi alirudi jioni kwa mlango wa nyuma, hakuona kitu.

Asubuhi ya siku ya tatu wanajeshi walirudi. Safari hii hawakucheka. Walivunja mlango, wakazoa jozi zote, wakapiga teke kopo la gundi, wakaenda zao.

Baada ya vita ndipo Nukta alipomsikia Fundi akimweleza mama, "Mwizi gani ataiba viatu vya mguu mmoja? Miaka thelathini desturi hii imenilinda. Sijui siku ile ilikuwaje." Mama naye hakujua ilikuwaje, maana alikuwa amesinzia. Nukta alijua. Alifungua mdomo, akaufunga. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ikafanya kesho yake kuwa ngumu zaidi.

Hofu yake ilikuwa moja tu. Akisema, deni litamhama Fundi na kuja kwao. Dereva atasimama mlangoni na mkokoteni wake, na kitakachopakiwa ni cherehani ya mama, inayowalisha wao wawili.

Siku hiyo hiyo, Ijumaa, darasani kulikuwa na mdahalo. Redio ilikuwa imetangaza kwamba nchi rafiki, iliyoleta malori ya chakula na silaha wakati wa vita, sasa inataka irudishiwe gharama zake. Mwalimu wa uraia akaandika ubaoni: Nchi iliyovamiwa irudishe gharama za vita. Akawagawa wanafunzi mafungu mawili. Nukta akaangukia upande wa kuunga mkono, na Kasuku, rafiki yake asiyejua kunyamaza, upande wa kupinga.

"Waheshimiwa," Kasuku alianza, ameweka mikono kiunoni. "Nyumba yangu imechomwa moto. Jirani kaja na ndoo, kanisaidia kuzima, namshukuru. Kesho yake anarudi, ananiambia, lete pesa ya maji. Jamani, huyo alikuja kuzima au kuuza?"

Darasa likacheka. "Kasuku, nyumbani kwenu hamna hata ndoo," mmoja akapaza sauti, wakacheka tena.

Zamu ya Nukta ikafika. Alichotaka ni kumaliza upesi akae.

"Dawa ya deni ni kulipa," alisema. "Ndoo ya jirani imetoboka kwa kazi yako, na watoto wake wamelala na kiu. Na wewe ulipewa mlango uulinde. Ukishindwa kuulinda, usimtafute mwingine. Aliyeacha mlango wazi ndiye alipe."

Wakampigia makofi. Hata Kasuku alipiga. Mwalimu hakupiga. Alimtazama Nukta kidogo, akauliza kwa upole, "Na aliyeuvunja mlango, Nukta? Mbona huyo hatujamtaja tangu tuanze?"

Nukta alikaa. Kwa kinywa chake mwenyewe amemhukumu Fundi, na hakuna aliyejua kuwa amejihukumu na yeye.

Jioni Nukta hakugusa chakula. Mara tatu alisema, "Mama," na mama alipoitika, mara zote tatu akasema, "Basi, hamna kitu." Mama hakumbana. Alimfunikia sahani yake, akaiweka kando, akasema, "Ukiwa tayari, ipo. Na masikio yangu yapo pia."

Jumamosi alasiri mama alimpa kifurushi. Ndani yake mlikuwa na aproni mpya aliyomshonea Fundi kuwa zawadi ya kuagana. "Tangulia. Mimi namalizia vifungo hivi, nakuja."

Njia ya kwenda dukani ilikuwa fupi, lakini siku hiyo Nukta aliihesabu kwa mapigo ya moyo. Alipita kwa kinyozi, akapita kwa muuza mkaa, akaiona kona, na kwenye kona akauona mkokoteni. Miguu ikagoma. Alisimama ameukumbatia ukuta. Akawaza kuacha kifurushi kizingitini na kukimbia. Angeweza, na hakuna mtu angemuuliza.

Kisha akamwona Fundi ndani. Mzee alikuwa anaifuta ile cherehani kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya safari. Karibu yake alisimama dereva wa lori, mtu mkubwa aliyevaa kandambili zilizochakaa, hajui aiweke wapi mikono yake. Kwenye kiti alikaa Mjumbe wa mtaa, mama mnene mwenye miwani, ana makaratasi mapajani.

Nukta akaingia. Sauti yake ilitoka ndogo kama jina lake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea nini?"

"Babu, hukuvichanganya wewe."

Fundi aliacha kufuta. "Sema tena."

"Viatu. Hukusahau. Wewe ulikuwa umekwenda kutafuta maji. Ni mimi niliyeviunganisha. Nilisoma zile namba, nikazifunga jozi kwa kamba. Nilidhani umekosea, nikataka nikusaidie. Ndiyo wakaviiba." Machozi yalikuwa yanamshuka, ila aliendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza hataanza tena. "Sikusema kwa sababu niliogopa watachukua cherehani ya mama. Kama ni kulipa, nilipe mimi. Nitafanya kazi nikiwa mkubwa. Lakini ya mama msiichukue."

Fundi aliketi juu ya kigoda chake, akashika magoti yake. Nukta alingoja ukali. Alingoja hata kofi. Mzee alipiga kofi kweli, ila paja lake mwenyewe.

"Namba zote ulizipata?"

"Zote, Babu."

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima."

"Ni kizima, Babu."

Fundi akatazama rafu zake, kisha mikono yake, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia. "Mwaka wa pili huu," alisema polepole. "Kila nikiweka sindano chini najiuliza nimeiweka wapi. Kila nikifunga mlango narudi kuutazama. Nikasema, basi, nimekwisha. Mwanangu wee, ungejua kimya chako kimenikalia wapi."

Hayo ndiyo yaliyomuuma Nukta kuliko kofi. "Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Njoo."

Dereva alikohoa. "Ngoja kwanza, Fundi. Mimi nilikujia kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia kosa ni lako. Mtu akisema kosa ni langu, mimi nifanyeje? Nikadai. Sasa nasikia mambo mengine. Huyu alikuwa na miaka kumi, kajificha stooni, nimdai huyu? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Ulidai haki yako," Fundi alisema.

"Haki yangu, ndiyo, lakini nimeidai kwenye mlango usio wake. Waliovaa buti zangu wapo ng'ambo ya mpaka, wanatembea nazo. Sisi huku tunanyang'anyana cherehani."

Mjumbe alivuta miwani akacheka kidogo. "Leo umesema, dereva. Nimeleta makaratasi haya mara mbili hapa. Serikali inaandikisha hasara zote ili iidai nchi iliyotuvamia, na Fundi kila mara ananiambia, usiniandike, yangu ni uzembe. Haya, Fundi, bado ni uzembe?"

"Andika," Fundi alisema. "Andika jozi zote. Na buti za huyu ziandike kwa jina lake."

"Lini tutalipwa sijui," Mjumbe alisema, ameshika kalamu. "Nisiwadanganye. Pengine tutazeeka."

"Mimi nimeshazeeka," Fundi akajibu, na wote wakacheka, hata Nukta, huku amebanwa na kwikwi.

Mama alipofika alikuta cherehani mahali pake na dereva amekaa, kandambili zake zinashonwa. Alisimuliwa yote. Hakumgombeza Nukta mbele za watu. Alimshika kichwa tu, akakiegemeza kwake.

Nukta akauliza lile lililomkaa tangu jana. "Babu, ile nchi rafiki iliyotusaidia, turudishe gharama zake au tusirudishe?"

Fundi alifikiri, uzi ukiwa mdomoni. "Hilo ni la wakubwa kuliko mimi. Ila nitakwambia ninavyoona. Niliwaficha hapa siku zile, wewe na mama yako. Nilipoteza gundi, nilipoteza mlango. Nikiwatoza kwa hayo, basi sikuwaficha, niliwapangisha. Aliyevunja ndiye mwenye kulipa, hata kama yuko mbali, hata kama ana nguvu, hata kama itachukua miaka. Tusimtoze aliyeumizwa kwa kuwa tu yeye yuko karibu na mpole."

"Kwa hiyo aliyesaidiwa hana deni?"

"Analo. Ana deni la shukrani, na ana deni la kusema kweli. Ya wavamizi hukuyafanya wewe, usiyabebe. Ulikosea kwa wema, na kosa la namna hiyo halina aibu. Lako lilikuwa moja tu, kuniambia. Ungeniambia siku ile ile, ningelala usingizi miaka hii miwili, na wewe ungelala. Umechelewa, lakini umelipa, na umelipa ukiwa unatetemeka. Kusema kweli bila hofu ni rahisi, mjukuu wangu. Wewe umeisema ukiwa nayo hofu."

Mama akamfungulia aproni. Fundi akaivaa palepale, akajitazama, akasema haijapata kumkaa nguo hivi. Dereva alivaa kandambili zake, akausukuma mkokoteni mtupu, akapungia mkono kwenye kona.

Nukta na mama nao wakaaga. Walikuwa wamefika barazani Fundi alipoita.

"Mjukuu wangu."

"Naam, Babu."

"Miaka miwili ulikuwa ukiliona duka langu unavuka barabara. Nilidhani nimekuudhi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Uje tena. Hata kama huna kiatu kibovu, wewe njoo."