Mlinzi wa Handaki la Rombo

Zama zile, kabla wageni hawajauchorea mstari wa mpaka mlima ambao hawakuwahi kuupanda, kila kilima cha Rombo kilikuwa na mangi wake, mtawala wake, na kila mangi alikuwa na jirani wa kumchukia. Pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani, shanga na nguo za merikani zikapanda. Katikati ya kushuka na kupanda huko ng'ombe waliporwa, migomba ikafyekwa, na watu wakajifunza kuishi chini ya ardhi kama fuko.

Waliochimba mahandaki hayo hawakuwa na mzaha. Mlango ulikuwa tundu la mtu mmoja, naye sharti atambae, kichwa mbele na mikono ardhini. Ndani, ubavuni mwa tundu, palichimbwa kishubaka cha mlinzi na rungu lake la mzeituni wa porini. Anayeingia huulizwa, "Wewe nani?" Asipojibu, huulizwa mara ya pili. Asipojibu tena, haulizwi.

Mlinzi wa handaki la ukoo wa Lekule alikuwa Ndemasi, mtu wa makamo, mabega mapana, vazi lake ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja. Vita na mangi wa ng'ambo ya korongo vilipopamba moto, wanawake wote wa ukoo, watoto na mbuzi walijibanza nyuma yake gizani, na uhai wao ulikuwa katika mkono wake wa kulia. Aliujua uzito huo, akajivunia. Haikuwa dhambi kujivunia.

Siku ya tatu ya vita, moshi wa migomba ukiwa bado unaingia tunduni, mtu alitambaa mlangoni.

"Wewe nani?" Ndemasi aliuliza.

Hakujibiwa. Alisikia pumzi tu, na magoti yakiburuzika.

"Wewe nani?"

Pumzi ikaja karibu. Ilikuwa na mluzi mwembamba ndani yake, kama ya mtu aliyevunjika pua utotoni. Rungu likashuka.

Walipoleta kijinga cha moto, walimwona Masamu, ndugu yake Ndemasi wa tumbo moja, amelala kifudifudi. Meno yake yalikuwa yameuma jani la sale lililofungwa fundo.

Ajuaye mila za mlima haambiwi sale ni nini, ila nitamwambia asiyejua. Ni jani la msamaha. Mkosaji hulifunga fundo, akamletea aliyemkosea, na aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama aliyelileta alimchinjia mama yake. Akilikataa, laana humrudia yeye. Miaka mingi nyuma, mwaka wa kiangazi, Ndemasi alimfungia Masamu maji ya mfongo, ule mfereji uletao maji kutoka msituni. Masamu, kwa hasira, akabomoa kingo zake. Maji yakamwagika korongoni na ulezi wa ukoo mzima ukakauka. Alifukuzwa. Akateremka nyikani hadi Taveta, akaoa huko. Na sasa alikuwa amerudi kuomba radhi, katikati ya vita, kwa njia ambayo mikono yote miwili ilihitajika kutambaa. Angelibeba jani wapi, kama si mdomoni? Na mwenye jani mdomoni angejibuje?

Kama angelitema ajibu, lingeanguka vumbini, na sale iliyoanguka si sale tena. Masamu aliipenda mila kuliko kichwa chake.

"Umefanya kazi yako," alisema Lekule, baba yao mdogo, aliyekuwa mkuu wa handaki. "Angekuwa adui, sote tungekuwa maiti. Nani atakulaumu?"

"Hakuna, baba mdogo."

"Basi kula."

Hakuna aliyemlaumu, naam, na hilo ndilo lililomtesa. Wanawake walimpa ndizi zilizoiva vizuri kuliko zote. Mangi alimletea kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Masamu akazikwa chini ya masale ya ukoo, na adui akarudishwa ng'ambo ya korongo. Lakini Ndemasi kila alipoketi mahali penye ukimya alisikia pumzi yenye mluzi, karibu na goti lake, ikingoja. Aliisikia akikama mbuzi. Aliisikia kwenye mkutano wa wanaume, akageuka kumtazama aliye kando yake, na kando yake hapakuwa na mtu. Akaanza kuongea kwa sauti kubwa muda wote, yeye aliyekuwa mkimya, hata watu wakasema ushujaa umempanda kichwani.

Mwishowe aliliweka rungu mlangoni kwa Lekule. "Nateremka Taveta. Masamu ana mke kule. Namfungia sale."

"Nyika imejaa askari waliotawanyika," alisema Lekule. "Na Wataveta wakikuua?"

"Watakuwa wameniua."

"Mpumbavu," alisema mzee, kisha akaenda mwenyewe kumchumia jani, akampa alifunge fundo. Ndemasi alilifunga katika pindo la vazi lake, akabeba mkuki na mfuko wa ndizi zilizokaushwa, akatoka chini ya kivuli cha migomba akaingia katika jua la nyika.

Huko chini, mahali mlima unapokoma, ardhi hupasuka ghafla na kuonyesha Ziwa Chala, limekaa ndani ya shimo la kreta kama maji katika kinu. Kuta zake ni miamba, maji yake hubadilika rangi mtu akiwa anayatazama, na hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Wenyeji walisema kijiji kizima kilizama pale, na kwamba mwenye masikio husikia ng'ombe wa chini wakirudi zizini. Watu wenye akili zao walichota maji kwingine.

Ndemasi alikuwa ukingoni mwake, adhuhuri, alipowaona askari watatu wa mangi wa ng'ambo, ngao mgongoni, wakimwona yeye vilevile. Mkuki mmoja ukapita begani mwake. Akarusha wa kwake, haukupata mtu. Hapakuwa na pa kukimbilia isipokuwa chini. Aliteremka ule ukuta akishika mizizi ya mitini, mawe yakimtangulia majini, hata akafika penye ufa wa mwamba uliozibwa na vichaka. Akajiingiza humo, akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa.

Juu walibishana. "Nenda wewe." "Kwani nimechoka kuishi?" Hatimaye mmoja akateremka. Ndemasi alimsikia akikaribia, akamwona akiinama penye ufa. Ili aingie, sharti atambae.

Ikaja pumzi. Si ya askari tu. Ilikuwapo nyingine, yenye mluzi, goti la Ndemasi likahisi joto lake. Jiwe lilikuwa limeinuliwa tayari. Shingo ilikuwa mbele yake, nyembamba, yenye kidani cha shaba.

"Wewe nani?" aliuliza Ndemasi, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeomba. "Nijibu! Kwa jina la mama yako, nijibu!"

Askari akaganda. "Mimi... Ngowi. Ngowi wa Kirua."

"Nani mwingine yuko nawe hapo?"

"Hakuna, mzee. Peke yangu." Alitazama huku na huku kwa hofu kubwa zaidi. "Kwani unaona mtu?"

Ndemasi aliliweka jiwe chini. "Rudi juu, Ngowi. Waambie nimeanguka majini."

Ngowi hakungoja kuambiwa mara mbili. Ndemasi akamsikia akiwapigia wenzake kelele kwamba mtu amemezwa na ziwa, nao wakaondoka mbiombio, maana habari hiyo waliiamini kwa urahisi. Alibaki ufani hadi jua likageuka. Alilia, bila aibu, kwa kuwa alikuwa amefundishwa pale jinsi lilivyokuwa jambo dogo kungoja jibu mara ya tatu.

Taveta ya siku hizo ilikuwa msitu uliofungwa kama nyumba. Miti ilisongamana kando ya mto Lumi, na njia za kuingilia zilizibwa kwa malango ya magogo, mgeni akapita ameinama kama anayeingia zizini. Misafara ya pwani ilipumzika humo, wapagazi wakitengeneza mizigo, shanga zikitungwa upya.

"Nani?" mlinzi wa lango aliuliza.

"Ndemasi! Ndemasi wa Rombo! Ndugu wa Masamu! Ndemasi!"

"Basi, basi. Hatujazibwa masikio."

Walimpeleka kwa Nambua, mke wa Masamu. Alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba, mwanamke mrefu, bangili za shaba hadi kwenye kiwiko. Alimtazama mgeni usoni, uso uliofanana na ule aliouzoea, na ungo ukashuka taratibu.

"Umekuja wewe," alisema. "Basi yeye hayupo."

"Hayupo, shemeji."

"Nani?"

"Mimi. Mlangoni mwa handaki. Nilimuuliza mara mbili. Alikuwa ameuma sale, hakuweza kujibu."

Watu waliokuwa karibu waliacha shughuli zao. Mmoja akashika sime. Nambua aliinua mkono kumzuia, macho yake hayakumwacha Ndemasi. "Ulimjua?"

Hilo ndilo swali ambalo kule kwao hakuna aliyethubutu kumuuliza. "Niliusikia mluzi wa pua yake," alisema. "Sijui kama niliusikia kabla mkono haujashuka, au baada. Kila siku najiuliza. Sijui, shemeji. Naapa sijui."

Akapiga magoti. Akafungua pindo la vazi, akalitoa lile jani lenye fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Nambua alilijua. Mumewe alikuwa amemfundisha mila za mlima, na alikuwa ameapa kuzifuata siku aliyoolewa. Mkono wake ulianza kunyooka. Ndemasi aliutazama ukija. Ulikuja kama mkono wa mtu anayeburutwa, bangili zikigongana, mishipa imesimama, na usoni mwake hapakuwa na msamaha hata chembe. Palikuwa na sheria tu. Vidole vyake vikiligusa jani, yeye, Ndemasi, angekuwa huru. Angerudi Rombo na kulala. Na mwanamke huyu angekaa maisha yake yote na chuki asiyoruhusiwa kuwa nayo.

Akalirudisha jani kifuani. Akalifungua fundo, akalichana, akaviacha vipande vianguke mavumbini.

Watu waliguna. Mwenye sime akasema huyu ana wazimu.

"Sikuleta kitu," alisema Ndemasi. "Nimeleta habari tu. Hulazimiki, shemeji."

Hapo ndipo Nambua alipolia, kwa sauti, mara ya kwanza, akijipiga kifua. Ndemasi alibaki magotini hadi alipomaliza.

"Sikusamehi," alisema Nambua.

"Najua."

"Wala mwakani."

"Najua, shemeji."

"Toka sasa, wasije wakakuua mbele ya nyumba yangu."

Alitoka. Rombo hakurudi, maana aliyeharibu sale kwa mikono yake hakaribishwi mlimani. Alijenga kibanda juu ya Ziwa Chala, mahali pasipotakiwa na mtu, na wawindaji waliopita walimsikia akizungumza mchana kutwa na mwenzake wasiyemwona, mara nyingine wakibishana habari za maji ya mfongo. Baadaye sana mstari wa mpaka ulipita katikati ya ziwa lile, nusu nchi hii, nusu nchi ile. Siku hizi wageni huteremka kuogelea, na kule juu hutambaa mahandakini wakishika tochi, wakaonyeshwa kishubaka na kuambiwa mlinzi alikaa hapa. Jina lake hawaambiwi, kwa kuwa mlimani halikuhifadhiwa.

Nambua alikufa akiwa bibi kizee wa msitu wa Taveta, bangili zimelegea mkononi. Wakati wa kufa walimuuliza kama amemsamehe shemeji yake. Akasema hapana, na akasema kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa kuliko ruhusa hiyo ya kukataa.