Umezima?

Pasi ilikuwa imechomolewa, waya umezungushwa shingoni mwake, lakini mshonaji alipoigusa ilimuunguza. Akanyonya kidole, akacheka peke yake. Uzee huu, akajiambia.

Marehemu mumewe alikuwa zimamoto, na nyumba aliiachia sheria zake: ndoo ya mchanga kando ya jiko, blanketi zito mlangoni, ufunguo wa mlango kwenye msumari wake na usihamishwe hata kwa dawa. Kila jioni akienda zamu aliuliza kutoka kizingitini, "Umezima?" Mkewe akijibu, "Nimezima," ndipo aondoke. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi alikagua taa kabla ya kumtazama bibi harusi.

Sasa mume ana miezi saba kaburini. Mtoto hawakujaliwa. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda zao, na jioni ikabaki ndefu.

Siku ile ile ya pasi, jua likizama, sauti ikatoka mlangoni. "Umezima?"

Akajibu kabla hajafikiri. Kisha akaketi akalia, na tusifichane, alilia kwa furaha.

Upweke nao una ujanja wake. Kesho yake aliacha jiko likiwaka makusudi, akasubiri. Sauti ikaja. Keshokutwa akaacha pasi juu ya kitambaa, sauti ikaja karibu zaidi, ikinuka nywele zilizoungua. Mchanga ulianza kupungua ndooni, wala hakuujaza.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa mganga. Alipofika tu akanusa hewa, akagoma kuketi, akataka kujua sauti inasemaje hasa. Alipoambiwa, alinong'ona.

"Wifi, hilo ni jini, na jini ni moto. Moto hauulizi kama umezima. Kitu hicho kinakuuliza, 'U mzima?' Nawe umekuwa ukikijibu, 'Nimezima,' kinadhani umezimika, hapa pana jivu tu. Siku ukikiambia u mzima, kitakula. Kikiuliza tena, nyamaza."

Akajaza ndoo, akahakikisha ufunguo uko msumarini, akamsihi wakalale kwake. Mshonaji akakataa kuiacha nyumba ya mumewe.

Jua likazama. Akachomoa pasi, akazima jiko, akafunga mlango, akaupapasa ufunguo msumarini, akaketi ameuma upindo wa nguo, akaisikia sauti ikitoka jikoni, ikipita kwenye cherehani, ikimjia polepole na joto lake mpaka jasho likamtiririka mgongoni, ikasimama nyuma ya sikio lake, na safari hii akaisikia kama ilivyo, kwa upole ambao hakuna binadamu aliyempa tangu mazishi.

"U mzima?"

Miezi saba hakuna aliyemuuliza hivyo. Hata wifi, kwa haraka zake, hakuuliza. Aliyakumbuka yote aliyoonywa.

"Mzima," akanong'ona. "Na wewe?"

Juu ya meza pasi ikaanza kutoa moshi, waya ukiwa bado shingoni mwake. Akanyoosha mkono ukutani gizani. Msumari ulikuwepo, mtupu.