Nishani ya Dobi Kandasami

Shuka la kwanza, Alamelu alidhani amelifua vibaya. Alilianua saa sita mchana, kavu, jeupe, na katikati yake akaona michirizi minne ya rangi ya kutu, kama kwamba mtu mwenye vidonda mgongoni amelilalia. Akalirudisha mtoni Umgeni, akalipiga jiweni mpaka mabega yakamuuma. Likatakata. Alipolianika tena michirizi ikarudi, na safari hii ilikuwa saba.

"Baba Kamala," alimwita mumewe, "sabuni hii umeitoa wapi?"

Kandasami alilitazama shuka, akasema ni kutu ya waya, akaingia ndani. Hakusema kwamba michirizi ile anaijua.

Mwaka uliotangulia, Wazulu walipokataa kodi ya kichwa na serikali ya Natali ikawapelekea bunduki, Kandasami na Wahindi wenzake walijitolea kubeba machela. "Tukiwasaidia Wazungu leo, kesho watatuhesabu kuwa watu," ndivyo walivyoambizana. Wiki sita alipanda na kushuka vilima, na waliojeruhiwa kwa risasi aliowabeba walikuwa wachache. Kazi kubwa ilikuwa kuosha migongo ya Wazulu waliochapwa viboko, migongo iliyooza, ambayo wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuigusa. Kwa kazi hiyo serikali ikampa nishani ya fedha. Aliitundika ukutani kando ya picha ya mungu wao Murugan, na shuka lile likachafuka wiki hiyohiyo.

Kisha ikaja sauti.

Alamelu alikuwa peke yake, anapiga pasi, jua linawaka mlangoni. Nyuma yake kitu kikapasua hewa: fyuu, pwaa! Akageuka. Hapakuwa na mtu. Fyuu, pwaa! Na baada ya kila pigo sauti ya mwanamume, ya chini, kavu, ikisema neno moja la Kizulu ambalo kila mtu wa Natali analijua: "Cha." Hapana. Harufu ikaingia, si ya moshi wala ya mto, ni harufu ya nyama ya mtu iliyoachwa juani na dawa ya vidonda ikamwagwa juu yake, ikamjaa puani na kooni, na huku mapigo yanaongezeka na ile "cha" haipandi wala haishuki, akaiona nishani ukutani inajizungusha yenyewe kwenye utepe wake, polepole, halafu upesi, halafu upesi zaidi, mpaka ukuta ukaanza kuchubuka na vumbi la chokaa likamwangukia Murugan.

Mkono wake ukakamata gogo la kufulia.

"Nyumba hii ina mwenyewe!" alipiga kelele. "Kama una neno, liseme! Nguo za watu zimekukosea nini?"

Mapigo yakakoma. Nishani ikasimama, ikaanza kutona maji.

Kandasami aliporudi alimkuta mkewe ameketi kizingitini na gogo lake. Mkewe alipomsimulia ile "cha", akakiri.

"Namjua," alinong'ona. "Anaitwa Mphikeleli. Hakimu na askari wake walimwuliza mkuu wake amejificha wapi. Kila kiboko, 'cha'. Nilimwosha siku tatu. Ya nne tukaamriwa kuhama, nikamwacha chini ya mti, bado anapumua."

"Ukaniletea nishani yake nyumbani."

"Nilidhani ni yangu, Alamelu."

Wakamwita MaKhanyile, mganga wa Kizulu aliyeuza mizizi sokoni. Aliketi chini ya nishani, akavuta ugoro, akapiga chafya mara mbili, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mtoe, mama," Kandasami akaomba.

"Nimtoe nimpeleke wapi? Kwake kumechomwa moto." Akamkazia macho. "Huyu hana ugomvi na mikono yako, mwanangu. Mikono yako ilimwosha. Ugomvi wake ni na mdomo wako. Alichapwa mbele ya watu, nawe unamnong'onea uvunguni."

"Nikisema, watatunyang'anya kazi ya kufua nguo za askari kambini."

Alijibu Alamelu. "Mashuka haya nimeyafua mara nane. Mara ya tisa sifui. Kaseme."

Siku ya gwaride wabeba machela walipangwa uwanjani, nishani vifuani, hakimu kavaa magwanda meupe na upanga. Alipofika katikati ya hotuba yake ya shukrani, Kandasami alitoka mstarini.

"Rudi mahali pako, Sami," hakimu alisema. Kwa Wazungu, Wahindi wote walikuwa Sami.

"Jina langu ni Kandasami. Sikuona vita huko, bwana. Niliona watu wamefungwa na kuchapwa. Mmoja aliitwa Mphikeleli, na wewe ndiye uliyekuwa unauliza maswali."

Aliifungua nishani, akaiweka mezani mbele ya hakimu. Askari wawili walimkokota, naye akawa anarudia lile jina njia nzima, kwa nguvu, na Wazulu waliokuwa wakifagia pembeni wakasimamisha mifagio yao, wakavua kofia.

Alilala jela wiki mbili. Kazi ya kambini ikaondoka kweli. Lakini aliporudi, mashuka ya majirani yalikuwa yanapepea mtoni, meupe pe, na nyumba ilinuka wanga na mchele tu.

Siku ya nne yake alikuja mpishi wa hakimu, anahema, macho yamemtoka.

"Dada, njooni mchukue nishani yenu. Bwana kaitupa kisimani, kaifukia, asubuhi iko mezani. Mchana kutwa nyumba inasema 'cha, cha'. Hali, halali. Anawaomba."

Alamelu alikamua shuka mpaka tone la mwisho.

"Ina sura ya nani?"

"Ya... ya mfalme."

"Basi mwambie aipeleke kwa mfalme wake," alisema, na akainama kuchukua shuka jingine.